Shubiri Tatu: Behewa la Mkonge Tulilolijenga na Reli Ambayo Haikufika Kwetu

 

Safari hii tunawaletea historia ya kitu kidogo, kitu cha kukaa juu ya meza. Ni behewa la reli, urefu wake sentimita 18. Tumelijenga wenyewe, tangu gurudumu hadi kibao cha juu, hatukununua hata kipande kimoja cha tayari. Tuliponyanyua msumeno tulidhani tunatengeneza mchezo wa watoto. Kumbe tulikuwa tunaingia katika historia ya babu zetu, na hapo katikati tukabishana sana.

Mambo yalianza hivi. Mwenzetu mmoja alisema kwamba zamani, wakati wa Kampuni, treni ilipita hapa kwetu Cabo Delgado. Ushahidi wake ulikuwa bibi mmoja jirani yetu, mzee wa miaka themanini hivi, ambaye kila mara husema "treni ya baba". Wengine tukasema haiwezekani, hapa hapajawahi kuwa na treni. Yeye akasema, basi bibi ni mwongo? Ikawa kelele. Tukaamua twende tukamwulize mwenyewe.

"Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu, karibuni." Tukakaa kwenye mkeka, tukamwuliza treni ya baba ilikuwa ya namna gani. Hakutaja jina la stesheni wala mwaka. Alichukua vijiti viwili, akavilaza mchangani sambamba, akanyoosha mkono na kupima kwa kidole gumba na kidole kidogo: moja, mbili, tatu. "Reli hii na reli hii. Shubiri tatu."

Tulikuwa na futi ya fundi. Tukapima kati ya vijiti. Sentimita 61.

Kwa nini upana ni jambo kubwa

Wengi wetu hatukujua kwamba reli zina upana tofauti, na kwamba upana unaweza kukuambia nani aliijenga na kwa kazi gani. Tuliposoma ndipo tukaelewa kwamba bibi alikuwa ametupa jibu bila sisi kulitambua.

Reli za Kitanganyika za zamani ni za mita moja. Wajerumani walianza na ile ya Tanga mwaka 1893, kisha wakajenga ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ambako ilifika mwaka 1914. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, nayo ni ya mita moja. Upande wa Msumbiji, reli kubwa za Wareno, kama ile iliyoanzia Lumbo ikapanda hadi Nampula, zina upana wa milimita 1,067, sawa na za Afrika Kusini. TAZARA ni hiyohiyo 1,067. Treni mpya ya umeme ya Tanzania inapita kwenye milimita 1,435.

Sasa, kwa shubiri ya mtu mzima, mita moja ni kama shubiri tano. Reli ya Mreno ni shubiri tano na kidogo. Kati ya reli hizo hakuna ya shubiri tatu. Reli ya shubiri tatu ni ile nyembamba ya sentimita 60, na hiyo ilikuwa hasa ya mashamba, ya migodi na ya vita.

Kwa hiyo bibi si mwongo, na mwenzetu hakuwa sahihi. Treni ilikuwepo, lakini siyo hapa.

Reli iliyobaki kwenye ramani

Tuanze na ile ambayo haikujengwa, maana hiyo ndiyo ya kwetu.

Mwaka 1891 Ureno ilikabidhi nchi yote kati ya mto Ruvuma na mto Lúrio kwa kampuni ya watu binafsi, Companhia do Niassa. Ni eneo ambalo leo ni mikoa miwili, Cabo Delgado na Niassa. Makao ya Kampuni yalikuwa Ibo, baadaye yakahamia Porto Amélia, yaani Pemba ya leo. Kati ya mipango yake mikubwa ilikuwa kujenga reli kutoka ghuba ya Pemba hadi Ziwa Nyasa. Reli hiyo iliongelewa miaka na miaka. Kampuni ikafikia mwisho mwaka 1929, na hakuna taruma hata moja lililolazwa kwenye njia hiyo.

Wajerumani nao upande wa pili walikuwa na mpango wao, reli ya kusini kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Nayo haikujengwa. Ukitazama ramani ya reli za Afrika Mashariki mpaka leo, pwani yetu ni pengo jeupe. Wareno walipanda kutoka Lumbo na baadaye Nacala, wakafika Niassa kwa kupitia kusini. Tawi la Lichinga lilikamilika mwaka 1969. Sisi wa kaskazini mwa Cabo Delgado reli ilituzunguka kwa mbali.

Je, Kampuni ambayo haikuwa na reli iliishi kwa nini? Iliishi kwa watu. Ilitoza kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi. Iliuza nguvu za vijana kwa migodi ya dhahabu ya Transvaal, mpaka mwaka 1913 Afrika Kusini ilipokataza kuajiri watu wa nchi za kaskazini kwa sababu walikuwa wanakufa kupita kiasi kule chini. Na mizigo yake ilibebwa kichwani na begani.

Kisha ikaja vita kuu ya kwanza. Mwezi Aprili 1916 Wareno waliingia Quionga, ambayo Wajerumani walikuwa wameishika tangu 1894. Palma na Mocímboa da Praia zikawa bandari za jeshi. Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck likavuka Ruvuma pale Ngomano na kuingia Msumbiji. Majeshi yote, ya Wajerumani, ya Waingereza na ya Wareno, yalikula na kupigana kwa migongo ya wapagazi. Waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu ni makumi ya maelfu, na wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Mzigo wa mpagazi wa Waingereza kwa kawaida ulihesabiwa ratili 60, yaani kilo 27. Shikeni hiyo namba, tutairudia.

Kuvuka mto kufuata mkonge

Sasa baba yake bibi. Yeye alikuwa Mmakonde wa upande huu, akavuka Ruvuma akiwa kijana kwenda kutafuta kazi Tanganyika. Hakuwa peke yake. Watu wetu walivuka kwa maelfu, hasa miaka ya 1930 hadi 1950. Walikimbia kodi, walikimbia kazi ya kulazimishwa ambayo wazee wanaiita chibalo, na walikimbia pamba. Tangu mwaka 1938 wakulima wa kaskazini ya Msumbiji walilazimishwa kulima pamba kwenye machamba yao na kuiuza kwa bei waliyopangiwa. Sheria hiyo ilidumu mpaka 1961.

Ng'ambo kulikuwa na mkonge. Mmea huu si wa kwetu asilia. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 mashamba yakaenea Tanga, Pangani, Morogoro, Lindi na Mikindani, na Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Kamba za meli, magunia, nyuzi za kufungia majani ya ng'ombe Ulaya, vyote vilitoka humo.

Wafanyakazi wa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Walilipwa kwa kipande, kadi yenye siku 30 za kazi. Siku uliyoumwa haikuhesabiwa. Baba yake bibi alikuwa manamba upande wa Lindi, akaoa hukohuko, na bibi akazaliwa shambani.

Na hapo ndipo ilipokuwa treni ya baba.

Reli ya kubeba maji

Kwa nini shamba la mkonge lilihitaji reli? Swali hili lilitusumbua. Mahindi hayahitaji reli, korosho hazihitaji reli.

Jibu liko ndani ya jani lenyewe. Jani la mkonge ni zito, lina urefu wa mita moja na zaidi, na karibu lote ni maji na nyama ya jani. Nyuzi unazozitaka ni kama asilimia 4 tu. Yaani ukibeba tani moja ya majani, unapata kilo 40 za nyuzi. Na huwezi kuzitoa nyuzi palepale ulipokata, lazima jani lifike kwenye mashine kubwa ya kusaga na kuosha, ambayo mashambani iliitwa korona (siyo ule ugonjwa, tulieni), na lifike kabla halijakauka. Kwa hiyo kila siku shamba lilikuwa linabeba milima ya maji kutoka porini hadi kiwandani.

Tatizo kama hilo lilikuwa limeshapatiwa dawa Ufaransa. Katika miaka ya 1870 mkulima na mwenye kiwanda Paul Decauville alikuwa na viazisukari vingi vya kutoa kwenye shamba lenye matope. Akabuni reli nyepesi iliyokuja vipandevipande kama ngazi, reli mbili zimeshaunganishwa na mataruma ya chuma. Watu wachache wananyanyua kipande, wanakilaza chini, wanaunga kingine. Shamba likimalizika upande huu, reli inahamishwa upande ule. Hakuna tuta, hakuna injinia. Reli hizo zilienea dunia nzima, kwenye miwa, kwenye migodi, kwenye mahandaki ya vita, na kwenye mkonge wetu. Katika vita kuu ya kwanza hata Lindi ililazwa reli nyembamba kuelekea bara, na vigari vyake vilisukumwa kwa mikono.

Tulivyolijenga

Tulichagua kipimo cha moja kwa kumi. Sababu ni ya kivivu, tunakiri: sentimita 60 inakuwa sentimita 6, na kila mtu kwenye kikundi anaweza kupiga hesabu bila simu. Mita inakuwa sentimita 10. Ukifanya kosa unaliona hapohapo.

Vipimo vingine tulivipata kwa bibi. Urefu wa behewa: "mtu mzima akilala juu yake, visigino vinafika mwisho." Tukaandika sentimita 180, yaani 18 kwetu. Upana: dhiraa mbili, kama sentimita 90, kwetu 9. Halikuwa na kuta. Lilikuwa na fremu mbili za chuma, mbele na nyuma, kuzuia matita ya mkonge yasiporomoke. Ubavuni wazi. Magurudumu manne madogo, "kama sahani ya wali", akaonyesha kwa mikono. Tukakadiria sentimita 30, kwetu 3.

Vifaa, kwa wale watakaotaka kujaribu:

Chasisi na sakafu ni mbao za boksi la sabuni, zilizopigwa msasa. Fremu za mbele na nyuma ni waya wa ujenzi, tumeukunja kwa koleo. Bati la kuimarisha kona ni debe la mafuta ya kula, lile tunalopata kwenye mgao. Reli ni nondo nyembamba za milimita 6, mabaki ya ujenzi. Mataruma tumeyakata kwenye debe hilohilo na kuyakunja kingo, maana ya asili yalikuwa ya chuma, si ya mbao.

Magurudumu ni vifuniko vya chupa za maji. Vina sentimita 3 karibu kamili, utadhani vilitengenezwa kwa kazi hii.

Hapo kwenye magurudumu ndipo tuliposhindwa mara tatu, na kila mara tulijifunza kitu.

Mara ya kwanza tuliyafunga kama ya gari la waya, yale tunayotengeneza tangu utotoni: kila gurudumu linazunguka lenyewe. Behewa likakwenda vizuri kwenye reli iliyonyooka. Kwenye kona likaanguka. Fundi seremala wa mashua aliyekuwa anatutazama akatuambia kwa kawaida kigari cha reli hakina gurudumu huru namna hiyo. Gurudumu na ekseli yake ni kitu kimoja, vinazunguka pamoja. Tukatoboa vifuniko kwa msumari wa moto, tukavikaza kwa gundi kwenye msumari wa inchi 4 uliokatwa kichwa, na msumari ukawa unazunguka ndani ya kipande cha bomba la kalamu. Tukapaka mafuta ya nazi.

Mara ya pili tatizo lilikuwa ukingo. Gurudumu la treni lina ukingo unaolizuia lisitoke kwenye reli. Sisi tuliuweka upande wa nje, kwa sababu kwa macho unapendeza. Makosa. Ukingo hukaa ndani, kati ya reli mbili. Tukakata duara za sentimita 3.4 kwenye dumu bovu la plastiki, tukazigandisha upande wa ndani. Pia tukagundua kwamba kifuniko cha chupa si bomba lililonyooka, upande mmoja ni mpana kidogo. Tukageuza ule mpana uelekee ndani. Baadaye ndipo tukasoma kwamba magurudumu ya treni halisi yana mteremko huohuo, na ndio unaolirudisha behewa katikati ya njia kila linapoyumba. Tulifika kwenye ukweli kwa kubahatisha, lakini tulifika.

Mara ya tatu tulipima kupita kiasi. Tuliacha sentimita 6 kamili kati ya ukingo na ukingo, kwa sababu reli ilikuwa sentimita 6 kamili. Behewa likakwama, likatoa mlio, likagoma. Lazima pawe na nafasi ya kupumua. Tukapunguza hadi 5.8. Tukalisukuma kwa kidole kimoja, likateleza mpaka mwisho wa meza na kumwangukia mtu miguuni. Tulipiga vigelegele kama tumeshinda kombe.

Matita ya mkonge dada zetu waliyafanya kwa ukindu. Wamekata vijani vya sentimita 11, na kila tita lina vijani 30, kwa sababu ndivyo wakata mkonge walivyofunga: majani 30 kwa tita moja. Kufunga matita ishirini kulichukua siku mbili. Ndipo tukaelewa kidogo kazi ya mkataji ilivyokuwa, na sisi hatukuchomwa na miiba.

Thelathini na saba

Siku moja alitutembelea mfanyakazi wa misaada. Alilitazama behewa, akalisifia, kisha akauliza: mradi huu unaleta kipato gani? Hatukukasirika. Ni swali lake la kazi. Lakini hatukuwa na jibu siku ile. Jibu tulilipata wiki iliyofuata, tulipokuwa tunapiga hesabu ya uzito.

Kitu kikipunguzwa mara kumi kwa urefu, kinapungua mara kumi kwa upana na mara kumi kwa kimo. Kwa hiyo uzito wake unapungua mara elfu moja. Tuseme behewa halisi lilibeba tani moja ya majani. Behewa letu linapaswa kubeba kilo moja. Tukaweka pakiti ya sukari ya kilo moja juu yake. Likabeba bila kulalamika, na mtoto wa miaka mitano akalisukuma.

Sasa turudi kwenye ile namba, kilo 27. Tani moja ukiigawa kwa kilo 27 unapata watu 37. Tukachukua njiti za kiberiti 37, tukazisimamisha kwa udongo wa mfinyanzi katika mstari nyuma ya behewa. Mstari ukavuka meza yote, ukageuka, ukarudi.

Hapo nyumba ikanyamaza. Behewa moja upande huu na watu 37 upande ule. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ng'ambo yenye reli na huku kwetu ambako reli ilibaki kwenye ramani. Tena tusijidanganye: reli ya mkonge haikuwekwa ili kumwonea huruma mtu. Iliwekwa kwa sababu jani likichelewa linaharibika. Kule kitu kilichokuwa kinaharibika kilikuwa mali ya tajiri, kwa hiyo akaleta chuma. Huku mzigo haukuharibika, aliyeharibika ni mbebaji.

Na sisi wenyewe tukaanza kukumbushana. Machi 2021, Palma ilipovamiwa, kila mtu alibeba nini? Mmoja alibeba mdogo wake. Mmoja alibeba sufuria na kapulana mbili. Mmoja alibeba gunia la mchele akalitupa baada ya saa moja. Hakuna aliyebeba kilo 27 na kufika nazo mbali. Wale wa zamani walibeba siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, kwa amri.

Kwa hiyo ndugu yetu uliyeuliza kuhusu kipato: faida ya mradi ni kwamba sasa tunajua namba 37. Wengi wetu vyeti na picha vilibaki au viliungua. Shule zilikatika. Tuliambiwa historia yetu ilianza siku tulipoandikwa deslocados kwenye karatasi. Sasa tunaweza kuipima wenyewe, kwa shubiri na kwa futi.

Nachingwea

Kuna kipande kimoja cha historia hatuwezi kukiruka, maana kinaunganisha reli na uhuru wetu.

Baada ya vita ya pili, Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea wakajenga reli ya mita moja na bandari ya kina kirefu pale Mtwara. Mpango wa karanga ukaanguka, ukafutwa mwaka 1951. Reli ikajikongoja bila mzigo wa kutosha mpaka ikafungwa mwaka 1962 na kung'olewa.

Mwaka huohuo 1962, tarehe 25 Juni, FRELIMO iliundwa Dar es Salaam kwa kuunganisha vyama vitatu. Kimojawapo kilikuwa MANU, na MANU ilitokana hasa na watu wetu waliokuwa wanafanya kazi Tanganyika na Kenya, manamba wa mkonge wakiwemo. Nao waliokuja Mueda kuzungumza na Wareno Juni 1960, ile siku watu walipopigwa risasi, baadhi ya viongozi wao walikuwa wametokea Tanganyika. Kisha Nachingwea, mji ule ulioachwa na karanga na treni, ukawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Mwezi Mei 1975 Samora Machel alivuka Ruvuma kutoka Tanzania kuanza safari yake ya kuelekea Maputo na uhuru.

Bibi na wazazi wake nao walirudi baada ya uhuru. Alikuja na watoto wawili na mkeka. Reli ya shubiri tatu aliiacha kulekule.

Bibi alivyolikagua

Tulipomaliza tulimpelekea behewa. Aliliweka mapajani, akapitisha kidole kwenye reli. Tukamwuliza swali lililokuwa linatusumbua: bibi, wewe wakati ule ulikuwa mtoto, mkono wako ulikuwa mdogo. Shubiri tatu zile ni za mkono upi, wa leo au wa zamani?

Akacheka. "Tatu ni za baba. Zangu zilikuwa nne."

Tukapiga hesabu palepale. Shubiri ya mwanamume, sentimita 20, mara tatu, 60. Shubiri ya mtoto, sentimita 15, mara nne, 60. Mashahidi wawili, mikono miwili, jibu moja. Yule mwenzetu wa treni ya Kampuni alikubali kushindwa, ila akadai kwamba bila ubishi wake tusingejua lolote. Tumempa haki yake.

Kisha bibi akasema behewa halijakamilika. Tukamwuliza limepungua nini. Akasema kijiti. Kwenye mteremko wasukumaji waliruka juu ya behewa, na mmoja alikuwa na gogo fupi la kubana gurudumu ili lisikimbie. Hakukuwa na breki nyingine. Siku moja gogo liliteleza. Mdogo wake bibi, miaka sita, alikuwa amekaa kwenye reli anachezea mawe. Alipona, lakini mguu mmoja ulibaki hapo. Baba yao aliongezewa siku tatu za kumwuguza, ambazo hazikuandikwa kwenye kipande.

"Ndiyo maana nakumbuka upana," alisema. "Tulikuwa tunakaa mimi reli hii, yeye reli hii, nyayo zinagusana katikati."

Hatukujua la kusema. Mmoja wetu akatoka nje, akachonga kijiti cha mpingo, urefu wa sentimita 6, akakifunga kwa uzi kwenye fremu ya nyuma. Bibi akakishika, akakijaribu kwenye gurudumu. Gurudumu likasimama. Akasema, "Sasa ndilo."

Behewa lipo kwetu, na mtu yeyote anaweza kuja kulitazama na kulisukuma, pamoja na njiti zake 37. Vipimo vyote tumevitaja hapo juu, jengeni na nyinyi. Na kama nyumbani mna bibi au babu aliyewahi kuvuka Ruvuma kufuata mkonge, mwulizeni reli ilikuwa shubiri ngapi, kisha pimeni mkono wake. Tuandikieni mlichokipata, tutakisoma kikundi kizima.